Laptopu ya RAM GB 2: Linux ipi itaifaa?

Swali: Wakuu, nina laptopu ya zamani, RAM GB 2, diski ya kuzunguka. Windows 10 ikiwaka, taa ya diski haizimi. Kazi yangu ni kuandika na kusoma PDF tu. Niweke mfumo gani wa Linux badala yake?

Jibu: Angalia prosesa kwanza, kama ni ya biti 32 au 64. Lubuntu, Linux nyepesi inayojulikana, iliacha biti 32 baada ya toleo la 18.10. Mimi ningeweka antiX, Linux nyingine nyepesi: imejengwa juu ya Debian (Linux ya siku nyingi), na IceWM, programu yake ya kuonyesha madirisha, haili RAM nyingi.

Jibu: antiX, naam. Ila mkuu, mlaji mkubwa ni brauza. Fungua tabo chache. Na ukipata SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi), usisite.

Muulizaji: Prosesa ni biti 64. Nimeiwasha antiX kutoka kwenye flashi bila kuinstoli. Wi-Fi imeshika, PDF zinafunguka fasta. Asanteni sana, naanza kuhamisha mafaili.