Mjadala: Tudai ruzuku ya dansi kwa sauti moja?

Nyayo Tupu: Wadau, naleta hoja. Juzi nimejaza fomu ya kuomba ruzuku. Ilikuwa na nafasi ya mtunzi wa muziki, ya mwongozaji, hata ya fundi taa. Aliyetunga dansi hakuwa na pa kuandikwa, ikabidi nijiweke kwenye "mengineyo". Tuunde umoja mmoja wa madansa tudai msaada kwa pamoja, au kila kikundi kiendelee kubisha hodi kivyake?

Mzee wa Hatua: Umoja nauunga mkono, ila tuweke mipaka mapema. Ruzuku ni ya wanaotunga kazi za jukwaani. Hawa wanaonengua harusini na nyuma ya waimbaji wana soko lao tayari. Na mifano ipo. Nadhani ni Scotland, wasanii wanalipwa kila wiki bila kuulizwa lolote.

Kisigino: "Hawa" ni akina nani, mzee wangu? Jumamosi nacheza harusini, Jumapili niko kwenye video ya mwimbaji, Jumatatu nafanya mazoezi ya kazi yangu ya jukwaani kwa hela ya Jumamosi. Niingie kwenye umoja wako na mguu upi?

Dada Mizani: Ni Ireland, si Scotland. Mpango wa majaribio ulioanza 2022, wasanii 2,000, euro 325 kwa wiki. Na waliulizwa: ilibidi kwanza waonyeshe kuwa ni wasanii kweli, ndipo waliostahili wakachaguliwa kwa bahati nasibu. Jamani, turudi kwenye swali la umoja.

Mzee wa Hatua: Kisigino, usinilishe maneno. Sijasema harusi ni aibu. Kazi ya jukwaani inataka miezi ya kutafuta na kufuta kabla hujamwonyesha mtu yeyote, na miezi hiyo hakuna mteja anayeilipia. Ndiyo maana ya ruzuku.

Kisigino: Breki, hii breakdance ya kuzungukia sakafuni, ilizaliwa kwenye sherehe za Bronx, New York, miaka ya 1970. Vijana walitafuta na kufuta palepale, watu wakiwatazama. Mwaka 2024 ikachezwa Olimpiki ya Paris.

Sauti ya Nyuma: Na kwenye orodha ya Los Angeles 2028 haimo. Olimpiki si ushahidi wa kujivunia.

Kisigino: Nimesema ilikotoka, sikusema inakokwenda.

Nyayo Tupu: Rumba ya Kongo je? UNESCO waliiorodhesha 2021 kwa ombi la Kongo zote mbili kwa pamoja. Ni dansi ya furaha na ya msiba, ya ukumbini na ya nyumbani. Wangeanza kwa kubaguana, ombi lingeandikwa na nani?

Mzee wa Hatua: Kuorodheshwa hakumlipi dansa kodi ya nyumba. Na tuambiane ukweli: vijana mnakubali kucheza kwenye zege tupu kwa ahadi ya "utajulikana", halafu goti likivimba mnalaumu serikali. Bei mmeziua wenyewe.

Kisigino: Zege nimelichezea kwenye mazoezi ya kikundi cha jukwaani, mzee. Tulikanyaga hapo miezi mingi bila posho, tukiambiwa tuna bahati kufundishwa. Mundi unauma mpaka unashuka ngazi kinyumenyume. Harusini angalau wananitandikia jukwaa la mbao.

Dada Mizani: Mmehama kabisa, lakini hapa ndipo penye uzito. Ufaransa msanii wa mikataba mifupi akifikisha saa 507 za kazi ndani ya miezi 12 anastahili posho kwa siku ambazo hana kazi. Zinazohesabiwa ni saa zilizolipwa na kuandikishwa, uwe umecheza baleti au umesimama nyuma ya mwimbaji. Sisi tukiitwa kesho kudai hivyo, saa zetu zimeandikwa wapi?

Sauti ya Nyuma: Hazijaandikwa. Tunakubaliana kwa simu. Mazoezi hayahesabiwi, linahesabiwa onyesho la dakika kumi. Mwenye mkataba unaotaja saa za mazoezi aupige picha, afute majina, auweke hapa.

Mzee wa Hatua: Mikataba ya kazi kubwa huwa ni ya kikundi, si ya dansa mmoja mmoja.

Kisigino: Basi mimi wa harusini ninao. Umetaja saa za mazoezi, usafiri, sakafu, na nani analipa hospitali nikiumia. Mwandaaji mmoja aliukataa, nikaondoka, akanipigia kesho yake. Wa jukwaani sijawahi kupewa hata karatasi.

Nyayo Tupu: Uweke, tuanzie hapo. Kila atakayetaka kuingia kwenye umoja aje na mkataba wa namna hiyo, awe anachezea wapi.

Mzee wa Hatua: Uweke, nitausoma wote. Ila fungu la kutunga kazi mpya nitalidai peke yake, na hapo sirudi nyuma.