Sarafu za kijani kutoka shamba la nyanyangu Mtongwe, nizisafishe na nini?

mtongwe_finest
Salaam wakuu. Mie mgeni kwa haya mambo, binamu yangu alikuja na ditekta, ile mashine ya kutafuta vyuma ardhini, kutoka Uingereza akaniachia, basi nimekua nazunguka nayo Shelly Beach asubuhi maji yakitoka na jioni kwa shamba la nyanyangu huku Mtongwe. Beach ni vifuniko vya soda na misumari tu, lakini kule shamba chini ya mwembe nimetoa vitu wallahi sikutarajia. Kuna senti kumi kadhaa zile za tundu zenye pembe za ndovu, kuna shilingi moja ya simba na milima nyuma yake, mwaka ni 1921 ama 1924 haisomeki vizuri, na kuna pesa moja imeshikwa na kijani kitupu lakini ukiilaza kwa mwanga unaona kama mizani hivi. Mama anasema nitie ukwaju na majivu nisugue vile yeye husugua sinia za shaba, jirani anasema Coca-Cola usiku kucha. Nani ashawahi kusafisha hizi aniambie, sitaki kuharibu. Na hiyo ya mizani ni ya nani?

kibokoni_ndani
Coke inafanya kazi bro, nimeona video kibao, asubuhi inatoka inang'ara kama mpya. Ukwaju pia sawa tu, kwani sinia si shaba na pesa si shaba?

mzee_wa_sarafu
Kijana wa Mtongwe tafadhali usisikize hayo. Ukwaju, ndimu, siki, Coke, zote ni asidi, na asidi haijui kuchagua, inakula kijani na inakula shaba yenyewe. Sinia ni nene na haina maandishi ya kupoteza, ndio mama anaweza kuisugua kila Idi na isiwe na neno. Pesa iliyokaa ardhini miaka mia, yale maandishi mara nyingi yamebaki ndani ya ile ngozi ya kijani yenyewe, chini yake hakuna kitu, ukiitoa ngozi umetoa na mizani na mwaka na kila kitu unabaki na kiduara cha shaba ya waridi. Na majivu ni kama msasa. Dawa ya meno pia msasa, kabla hujaniuliza.

Anza na maji tu. Lakini si ya mfereji, na ya kisima cha huku kwetu ndio usiguse kabisa, yana chumvi. Nenda petrol station ununue maji ya betri, yale distilled. Tizama lebo vizuri manake hapo hapo wanauza na asidi ya betri na chupa zafanana. Weka kila pesa kwa kikombe chake cha plastiki, usichanganye madini, badilisha maji kila siku kwa wiki kadhaa, udongo utalainika wenyewe, kisha kijiti cha meno cha mti, kimeloa, unasukuma udongo polepole ukitizama na lenzi. Unasukuma, husugui. Ukifika mahali pagumu rudisha kwa maji ulale. Usitumie pini wala sindano kama mkono wako si mzoefu.

Na sikiza hii ndio kubwa: hapa Mombasa adui si uchafu, ni chumvi. Kijani kilichokoza, kigumu, uso wake umeteleza ukiupapasa, hicho kiache, kinailinda pesa. Kijani cheupecheupe cha unga, ukikikwaruza na kucha kinapukutika na kesho kimerudi, hicho ni ugonjwa, kloraidi ya ile chumvi iko ndani inaila shaba na kila ikipata unyevu wa hewa inaendelea. Ukitaka kujua iko hai ama imelala, iweke kwa kopo lenye kifuniko pamoja na pamba mbichi ya maji isiigusane nayo, siku moja mbili, vidoti vipya vya kijani vikitokea basi ujue.

mtongwe_finest
Shukran sana mzee. Hiyo ya mizani ina unga kwa ukingo upande mmoja 😩 Sasa magadi je? Kuna mtu mahali kaandika wataalamu wanatumia magadi kwa shaba.

mzee_wa_sarafu
Hakudanganya lakini amekuambia nusu. Makumbusho wanatumia sodiamu seskwikaboneti, maji yenye asilimia 5 hivi, inavuta kloraidi pole pole, wiki hata miezi. Na magadi ya Ziwa Magadi kwa asili yake ni hiyo hiyo seskwikaboneti. Tatizo magadi ghafi ya sokoni yana chumvi ndani yake, sasa utakua unatoa chumvi kwa mlango huu unaiingiza kwa ule. Pia inaweza kubadilisha rangi ya pesa. Kwa mtu anayeanza mie nasema maji ya betri tu, halafu ukaushe vizuri. Na ukipata zile senti nyepesi za alumini za 1907 na 1908 magadi usiyasogeze hata karibu, yanaila alumini.

Shilingi yako pia ina mambo yake. Kuanzia 1921 mpaka 1946 shilingi ya Afrika Mashariki ilikua na fedha robo tu, zaidi yake ni shaba, ndio mana zinatoka ardhini na kijani. Ile janja ya foili na baking soda ni ya fedha yenyewe iliyoingia weusi, kama rupia ya India, kwa shilingi hizi haitakupa kitu cha maana. Hizo senti kumi za tundu ndio za kujifunzia mkono, ziko nyingi, mtu halii sana.

ngome_kuu
Naingilia kuhusu ya mizani. Kuna mbili zinachanganya watu. Ya Sultan Barghash wa Zanzibar ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, ina Kiarabu kitupu. Ya kampuni ya Waingereza iliyokua ikitawala pwani, Imperial British East Africa Company, ni ya 1888, ina mizani lakini pia ina herufi za Kizungu na jina Mombasa. Kwa hivyo ukiona herufi za Kizungu popote, ni ya kampuni.

Lakini iwe hii iwe ile, imetengenezwa kabla ya 1895, na sheria ya makumbusho na turathi ya Kenya ya 2006 inahesabu kitu cha kabla ya mwaka huo kuwa ni kitu cha kale. Sheria hiyo hiyo inataka mtu aliyegundua kitu cha kiakiolojia awajulishe National Museums ndani ya siku saba, aeleze alipokipata na jinsi alivyokipata, basi na wewe wajulishe. Na kutafuta makusudi vitu vya aina hiyo ni lazima leseni, hata kama shamba ni la nyanyako. Magofuni kama Jumba la Mtwana ama Gede usifikirie hata kutoa hiyo mashine kwa begi.

kibokoni_ndani
Mkiwapelekea si wanachukua tu? Bora auze kwa wale wa maduka ya vitu vya kale.

ngome_kuu
Yakhe, kuuza kitu hujatoa taarifa ndio unajitafutia kesi. Fort Jesus wana maabara ya kuhifadhi, ilianza wakati wanatoa vitu vya ile meli ya Wareno Santo António de Tanna iliyozama hapo mbele ya ngome 1697. Chumvi na madini ndio kazi yao ya kila siku. Peleka bila kuisafisha, ile ya unga hasa, watakuambia kitu ambacho sisi kwa simu hatuwezi kukiona.

mtongwe_finest
Sawa, hiyo ya mizani siigusi tena, Jumatatu navuka ferry naipeleka. Je niibebe vipi?

mzee_wa_sarafu
Ikauke kwanza kwenye kitambaa ndani ya nyumba, si juani. Kisha bahasha ya karatasi, bahasha ndani ya kopo lenye kifuniko, na utupie vile vipakiti vya silika vya kwa maboksi ya viatu, manake chini ya asilimia 40 ya unyevu ule unga unatulia na hewa ya Mombasa huwa iko juu ya hapo sana. Usitumie zile plastiki laini za kunuka. Juu ya bahasha andika kina ulichochimba, umbali kutoka kwa mwembe, na tarehe. Watakuuliza hayo kabla hawajaitizama pesa yenyewe.