Msaada: binti yangu wa kidato cha kwanza anakosa kiima na kiarifu kwenye sentensi za Kiingereza

FundiMajengo
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani, niko Majengo hapa Moshi. Shule niliishia darasa la saba, Kiingereza changu ni cha kumtajia mzungu bei. Binti yangu kaingia kidato cha kwanza mwaka huu, na msingi kasoma kwa Kiswahili kama watoto wetu wengi.

Juzi kaleta zoezi, kapata 4 kati ya 20. Waliambiwa wapige mstari mmoja chini ya "subject", yaani kiima, na miwili chini ya "predicate", yaani kiarifu. Karatasi nzima ni mikasi ya kalamu nyekundu, hakuna neno hata moja la kumwonyesha kakosea wapi. Limeniuma, kwa sababu mtoto si mvivu. Tumekaa mezani hadi saa nne usiku. Angalieni hizi mbili:

"The basket of green bananas fell from the bus." Kapiga mstari "bananas".
"Yesterday my brother bought a radio." Kapiga mstari "Yesterday".

Nikimuuliza kwa nini, ananiambia "nimeona inafaa baba". Hela ya tuisheni kwa sasa sina. Namsaidiaje?

Kiborloni77
Pole sana mkuu. Mwambie kiima ni mtenda, kiarifu ni tendo. Akishika hilo kamaliza.

MwalimuSakina
Kiborloni77, nia yako nzuri ila hiyo itamwangusha wiki ijayo tu. "The radio was bought yesterday." Redio haijatenda chochote, imenunuliwa, na bado ndiyo kiima.

Kaka fundi, nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza na cha pili hapa Arusha. Makosa ya binti yako nayaona kila Januari, wala si dalili ya uzito wa kichwa. Anatafuta kiima kwa macho: neno lililotangulia, au jina lililokaa jirani na kitenzi. Mwache aanze na kitenzi. Kwenye ile ya kwanza ni "fell". Akishakikamata, aulize: ni nini kilichoanguka?

Hapo sasa aiseme sentensi kwa Kiswahili, kwa sauti: "Kikapu cha ndizi mbichi kilianguka kutoka kwenye basi." Sikiliza hiyo *ki-* ya *kilianguka*. Imeshikana na kikapu. Kama kiima kingekuwa ndizi, ulimi wake wenyewe ungesema *zilianguka*. Mtoto wa Moshi hahitaji kufundishwa hilo, kazaliwa nalo. Kiingereza hakina *ki-* wala *zi-*. "Fell" ni ile ile, kianguke kikapu au zianguke ndizi, ndiyo maana anadaka jina la jirani. Kwa hiyo kiima kizima ni "The basket of green bananas", kiini chake "basket", na kilichobaki chote ni kiarifu.

Ya pili: nani alinunua? "My brother". "Yesterday" haiwezi kununua redio. Imekaa mbele, lakini inaeleza kununua kulifanyika lini, kwa hiyo ni mali ya kiarifu. Kiarifu kinaweza kukatika vipande viwili, kimoja mbele ya kiima na kingine nyuma, na binti asiogope kupiga mistari sehemu mbili.

Jambo jingine, na hili linakula alama nyingi kuliko yote. Kwenye sarufi ya Kiswahili atakutana na neno *prediketa*, yaani kile kitenzi ndani ya kiarifu. Anaweza kudhani ndiyo "predicate" ya kwenye zoezi, apige mistari chini ya "bought" peke yake. "Predicate" anayoulizwa ni kiarifu chote: kitenzi, kilichonunuliwa, lini, wapi.

BintiMeru
Mimi niko kidato cha sita. Njia ya mwalimu ndiyo iliyoniokoa, ila baba, kuna sehemu Kiswahili kinadanganya. "Mezani kuna vitabu viwili." Hiyo *ku-* inafuata mezani, sivyo? Kwa Kiingereza ni "There are two books on the table", na mimi niliandika "table" kuwa kiima. Badilisha idadi uone: kitabu kikiwa kimoja inakuwa "There is one book". Meza haijaguswa. Kitenzi kinafuata vitabu.

Halafu amwangalie sana huyu: "My mother she cooks." Kwetu "Mama anapika" ina mama na ina *a-*, tunataka kuzitafsiri zote mbili. Kiima kimoja kinatosha.

Akipewa swali, aligeuze kwanza liwe maelezo. "Did the children eat the mtori?" inakuwa "The children did eat the mtori". Kiima kinajitokeza chenyewe.

MwalimuSakina
Umenena vema binti. Kuhusu "There", wapo wanasarufi wanaosema yenyewe ndiyo kiima cha umbo, kwa sababu kwenye swali inaruka kama kiima: "Are there two books?" Shuleni mara nyingi tunafundisha "two books". Amuulize mwalimu wake anataka ipi kabla ya mtihani.

FundiMajengo
Mungu awabariki. Nimerudi kutoa taarifa. Jana nilichukua chaki ya kukatia nguo nikamwandikia kile kikapu kwenye kipande cha kitambaa cheusi. Alipotamka "kilianguka" alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe *ki-* ndiyo inaniambia." Tukafanya sentensi kumi, kapata nane. Moja alikosa ni ile ya "there", akakumbuka mwenyewe baadaye. Nyingine imetushinda wote wawili:

"Close the door."

Kitenzi tumekiona. Tukiuliza nani, hakuna mtu.

BintiMeru
Mtu yupo baba, kajificha. Anayeambiwa ndiye kiima: "You". Hata kwetu "Funga mlango" haina *u-* mbele, lakini unayemwambia anajijua. Kwa hiyo maneno yote matatu ni kiarifu.

FundiMajengo
Nimemsomea. Kapiga mistari miwili chini ya sentensi nzima, halafu kwa penseli, pembeni kabla ya "Close", kaandika "You" ndogo na kuizungushia duara. Sasa hivi ananiuliza kama "Fungeni" nayo ni "You" hiyo hiyo.

MwalimuSakina
Ni hiyo hiyo. Kiingereza hakitofautishi mmoja na wengi hapo. Mwambie swali lake ni zuri kuliko lile la kwenye karatasi.