Naomba ushauri: Nianze kuandika makala kuhusu kasi ya programu, au nibobee kwanza?

Mtaa wa Pikseli:
Wakuu, habari za majukumu.

Ninatengeneza programu za simu katika kampuni ndogo hapa Dar es Salaam, na kazi inayonivutia zaidi ni kuzifanya ziende kasi kwenye simu za bei nafuu wanazotumia wateja wetu. Nimekuwa nikifuatilia safari ya Michael Abrash, Mmarekani aliyekuwa akiandika makala katika jarida la Dr. Dobb's huku akiwa kazini: alishughulikia michoro ya mfumo endeshi wa Windows NT pale Microsoft, akaenda kampuni ya michezo ya kompyuta ya id Software kutengeneza mchezo wa Quake pamoja na mtengeneza programu John Carmack, na mwaka 2014 akawa mwanasayansi mkuu wa Oculus, kampuni ya miwani ya uhalisia pepe. Ningependa kuandika kwa Kiswahili kwa mtindo huo. Je, nianze sasa? Na kitabu chake kikubwa cha mwaka 1997, Graphics Programming Black Book, kina faida gani leo, ikiwa mashine anazozieleza zimeshapitwa na wakati?

Fundi Redio:
Mkuu, kisome, ila usikariri maelekezo ya asembli, yaani lugha ya amri za moja kwa moja za prosesa. Angalia jinsi anavyohoji. Kwa mfano, kitabu cha mtengenezaji kilisema kwamba kwenye prosesa ya 8088 amri ya kusogeza biti mara moja huchukua mizunguko 2 ya saa, yaani mapigo mawili ya mwendo wa prosesa. Abrash alipopima amri hizo zikiwa zimefuatana, alipata kama mizunguko 8, kwa sababu amri yenyewe ina baiti 2 na kila baiti huhitaji mizunguko 4 kuletwa kutoka kwenye kumbukumbu. Prosesa ilikuwa inasubiri chakula, haikuwa inafanya kazi. Alijiandikia programu ya kupimia muda kwa kutumia chipu ya saa iliyokuwa ndani ya kompyuta hizo, na vipimo vyake ndivyo vilivyoyapa maandishi yake uzito.

Bi Msimbo:
Ninaunga mkono, na kuhusu kusubiri ubobee, ndugu yangu, utasubiri sana. Makala zake kuhusu Quake zilianza kutoka kabla mchezo wenyewe haujatolewa mwaka 1996. Katika mojawapo alieleza jinsi Carmack alivyojaribu njia moja ya kutambua nyuso zinazoonekana, ikawa nzito mno katika baadhi ya mandhari, akaiacha na kuamua kukokotoa mapema orodha ya sehemu zinazoweza kuonekana kutoka kila eneo. Msomaji anayeona njia iliyokataliwa hujifunza zaidi kuliko anayekabidhiwa jibu. Mimi hupenda pia maelezo yake ya ugawanyaji: ili picha za kuta zisipinde, hesabu ya kugawanya ilifanywa mara moja tu kwa kila pikseli 16, na prosesa ya Pentium iliendelea kuchora pikseli za kundi lililotangulia huku ugawanyaji wa kundi linalofuata ukiendelea pembeni.

Mzee wa Kanda:
Mimi nitakuwa mkali kidogo. Usiache ajira. Dr. Dobb's lenyewe lilisitisha kazi mwishoni mwa 2014, na kwa Kiswahili sijaona jarida la aina hiyo linalolipa mwandishi. Makala zitakujengea jina, pengine zikufungulie mlango wa kazi bora, lakini kodi ya nyumba haitalipwa nazo. Omba pia ruhusa ya maandishi kwa mwajiri kabla hujaonyesha hata mstari mmoja wa msimbo wake.

Mtaa wa Pikseli:
Nashukuruni sana. Ninafikiria makala ya kwanza ihusu orodha ya bidhaa inayokwamakwama mtumiaji anapoiteremsha. Ninashuku kwamba tabaka zenye uwazi zinafanya pikseli ileile ichorwe mara kadhaa.

Fundi Redio:
Mada nzuri, ila shaka yako bado ni dhana. Ondoa tabaka moja, pima, lirudishe, pima tena, kwenye simu ileile. Zingatia kwamba simu ikipata moto hupunguza mwendo wa prosesa, hivyo kipimo cha kwanza na cha kumi havilingani. Iache ipoe, chomoa chaja, zima programu nyingine. Tumia muda wa kila fremu: skrini inayoonyesha fremu (picha) 60 kwa sekunde inakupa milisekunde 16.7 tu kwa kila moja, na wastani mzuri unaweza kuficha fremu chache mbaya, ambazo ndizo mteja anazoziona. Weka jedwali lote ndani ya makala, hata kama matokeo yataipinga shaka yako.