Binti wa kidato cha pili anataka kuacha Fizikia na Kemia: nimshauri nini?

Mleta mada: Habari za jioni, wanajukwaa. Binti yangu anasoma kidato cha pili katika shule ya kata, na baada ya upimaji wa taifa atatakiwa kuchagua masomo ya kidato cha tatu. Anasema Fizikia na Kemia ni za wenye vichwa vyao, ilhali shule ya msingi somo la Sayansi na Teknolojia ndilo alilolipenda kuliko yote. Je, nimlazimishe, au nimwache aende kwenye sanaa pamoja na rafiki zake?

Mwalimu wa Kemia: Kabla ya kuamua, mwulize kwa Kiswahili kwa nini msumari ulioachwa nje hushika kutu. Akieleza vizuri, tatizo lake si sayansi, bali ni kwamba alijifunza kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha kidato cha kwanza akakutana na Kiingereza na kanuni kwa wakati mmoja, akaanza kukariri asichokielewa. Wanafunzi wengi ninaowapokea kidato cha tatu hawajawahi kushika bureti, ule mrija wa maabara wa kupimia vimiminika, na Kemia ya ubaoni ni vigumu kuipenda. Nyumbani chemsheni choya, mgawanye maji yake katika vikombe viwili, kimoja mkitie ndimu na kingine magadi, halafu aeleze mwenyewe kwa nini rangi zimetofautiana.

Mhitimu wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia): Naomba kutofautiana kidogo na mwalimu, kwa sababu choya peke yake haitamvusha. Anayeyumba katika Hisabati ataichukia Fizikia hata akifundishwa kwa lugha ya mama yake. Kumlazimisha nako hakufai; nimesoma na waliosukumwa na wazazi, wakaishia kuchukia hata Baiolojia waliyoipenda.

Muuguzi: Mweleze pia kwamba hata akiendelea na Baiolojia, stashahada ya uuguzi au ya utabibu huangalia ufaulu wa Kemia na Fizikia vilevile. Mabinti wengi huligundua hilo wakiwa wameshamaliza kidato cha nne.

Mleta mada: Nashukuru sana. Habari ya msumari ameieleza mpaka mdogo wake akaelewa, ila Hisabati yake inachechemea. Je, nisubiri masomo ya ziada ya likizo?

Mwalimu wa Kemia: Usisubiri. Aanze sasa na sehemu na milinganyo, na uamuzi wa masomo aufanye mwenyewe baada ya hapo.