Mafundi, acheni kukunja paipu za breki ili gari lipite inspekshoni!

Jamani, mchezo huu utaisha lini? Silinda ya breki ya gurudumu la nyuma ikianza kuvuja mafuta, fundi hafungui dramu aone kuna nini. Anaikunja paipu ya gurudumu hilo, anaibana kwa plaisi na kuigonga nyundo, kisha anamwambia mwenye matatu: "Iko sawa, peleka Likoni Road ikakaguliwe."

Haiko sawa! Gurudumu hilo halina breki tena. Ukikanyaga kwa nguvu, gari linavutwa upande ule mwingine. Na hata huko kwenye ukaguzi utaumbuka, kwa sababu mashine ya rola hupima kila gurudumu peke yake, kushoto na kulia. Mwenye gari anarudishwa, fundi ameshakula hela.

Kazi yenyewe si ya kutisha. Piga jeki, weka stendi, toa tairi na dramu. Dramu ikigoma, legeza ajasta (kile kifaa cha kusogeza viatu vya breki karibu na dramu) kupitia tundu la nyuma, usiitwange mpaka ipasuke. Kisha inua ukingo wa mpira wa silinda kwa bisibisi. Ukikuta majimaji, silinda imekufa, weka mpya. Viatu vya breki vikiwa vimelowa, badilisha vyote vinne vya ekseli hiyo, hata kama upande mmoja ni mkavu, la sivyo breki hazitalingana. Hii habari ya kuviosha kwa petroli na kuvipiga msasa ni wizi mtupu: mafuta yameshazama ndani, vikipata moto yanatoka tena. Ukimaliza toa upepo kwenye paipu za breki, na mafuta yasiishe kwenye kopo ukiwa katikati ya kazi.

Breki ya mkono nayo, wengi hukimbilia kukaza kebo. Kwenye gari la dramu, rekebisha ajasta kwanza, kebo baadaye. Ukianza na kebo, viatu vinabaki vikikwaruza dramu na kuchemka.

Halafu kuna wanaokosa mafuta ya breki, DOT 3, wakamimina mafuta ya stearingi. Mipira yote inavimba, kuanzia mastasilinda hadi kaliba. Ni mfumo mzima umeharibika kwa sababu ya chupa moja!

DOT 3 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 140. Ikichemka, paipu inajaa mvuke, na mvuke hubonyea, kwa hiyo pedali inazama hadi chini na gari halisimami. Sasa chukua mteremko wa Mai Mahiu, abiria 14, gurudumu moja la nyuma limefungwa na mengine yanabeba mzigo wote. Mnajua kabisa linaloweza kutokea, na bado mnakunja.

Wenye magari, msilipe kabla ya kukabidhiwa silinda kuukuu mkononi. Inameni mwangalie paipu ya nyuma kwa tochi. Ikiwa na mkunjo au alama za plaisi, gari lisitoke gereji.