Mrejesho: maiki ya juu ya kamera, VideoMicro au VideoMic Pro

Wakuu, niliuliza nichukue ipi kati ya Rode VideoMicro na VideoMic Pro kwa filamu fupi za bajeti ndogo. Nimechukua Pro. VideoMicro ni nyepesi na haihitaji betri, inakula umeme wa tundu la maiki la kamera. Tatizo ni kwamba kukuza sauti kote kunaachiwa kamera, na kwenye kamera za bei nafuu hapo ndipo ule mvumo wa "shiii" unapozaliwa. Pro ina betri yake na inakuza sauti yenyewe kabla haijafika kwenye kamera.

Mpangilio: swichi ya nyuma ya maiki iwe +20 dB (dB ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kiwango cha kurekodi sauti cha kamera kirekebishwe kwa mkono na kishushwe karibu na mwisho bila kufika sifuri. Mwigizaji atamke mstari wake wa juu kabisa. Kilele cha sauti kwenye kipimo cha kamera kiguse -12 dB. Ukiacha kamera ijirekebishe, mtu akinyamaza inajipandisha yenyewe na kelele yote ya feni inaingia.

Nje kwenye upepo, sponji pekee haifui dafu, ivishe maiki kifuniko cha manyoya. Ikiwa zaidi ya mita moja kutoka kwa mwigizaji, maiki inaokota mwangwi wa chumba, hata maiki iwe ya bei gani. Hapo inatoka juu ya kamera kwenda kwenye fimbo, na waya wa kurefusha wa 3.5 mm. Betri ya 9V chomoa ukimaliza, kuzima swichi husahaulika.